Nimekariri dawa zaidi ya mia mbili, lakini jirani aliponiuliza moja nilinyamaza

SWALI

Shikamoo Sista,

Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Igoma hapa jijini Mwanza. Nilimaliza stashahada ya uuguzi na ukunga mwaka jana, nikafanya mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na sikufaulu. Wenzangu niliosoma nao baadhi yao wameshaanza kazi. Mmoja yuko Sengerema, mwingine amevuka kwenda Ukerewe, nami nimebaki namsaidia mama kuuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, huku nikisubiri kurudia. Zimebaki wiki sita.

Sikushindwa kwa uvivu, Sista, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nina madaftari matatu ambamo nimeorodhesha dawa zaidi ya mia mbili kwa alfabeti, kila moja na kundi lake, matumizi yake, madhara yake na dozi yake, na ukinitajia jina la dawa nikiwa nimetulia naweza kukusomea mstari mzima bila kulifungua daftari. Lakini mtihani hauulizi hivyo. Unaniletea mgonjwa mwenye umri wake, malalamiko yake na vipimo vyake, kisha unaniuliza nitafanya nini kwanza, na hapo majibu yote manne huonekana sahihi.

Kilichonifanya nikuandikie kilitokea wiki mbili zilizopita. Jirani yetu, mama wa makamo aliyeanza dawa za presha hivi karibuni, alinifuata uani nikiwa nafua, akapandisha kitenge chake juu ya vifundo vya miguu na kuniambia, "Nesi, hebu tazama. Tangu nianze hiki kidonge, ikifika jioni viatu havinitoshi. Ni figo hizi, au kuna mtu?" Akanionyesha karatasi ya vidonge, nikasoma: amlodipini, miligramu 5. Dawa hiyo iko katika ukurasa wa pili wa daftari la kwanza, nimeiandika kwa mkono wangu na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu, lakini sikuwa na neno la kumjibu. Nilimwambia arudi hospitali. Alipoondoka nikaingia ndani, nikalifungua daftari na kukuta nimeandika "uvimbe wa vifundo vya miguu". Nililia.

Naomba unisaidie mambo matatu. Kwanza, nirudie vipi magonjwa na dawa ili vinifae mbele ya mgonjwa na mbele ya karatasi? Pili, hesabu za dozi zinanitoa jasho. Nikiona kilo, miligramu na mililita katika swali moja, mkono unatetemeka. Tatu, mama ananihitaji sokoni, lakini shangazi anasema niache biashara kabisa nisome usiku na mchana hadi mtihani upite. Nimsikilize nani?

Binti wa Igoma

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Nimefundisha wauguzi kwa miaka mingi na nimesahihisha karatasi nyingi za mtihani, nami nakuambia kwamba yule mama mwenye kitenge alikutungia swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuyasahihisha. Kumrudisha hospitali lilikuwa jibu salama. Lililopungua ni maswali ambayo ulipaswa kumuuliza kabla ya kumrudisha, na hayo hayapatikani kwenye daftari lako, kwa sababu daftari lako limepangwa kwa alfabeti, na hakuna mgonjwa hata mmoja anayekuja kwa alfabeti.

Tumrudie yeye. Amlodipini huzuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya kuta za mishipa ya damu, misuli ikalegea, na mishipa midogo ya ateri ikapanuka. Ndiyo maana presha hushuka. Vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, hazipanuki kwa kiasi hicho. Kwa hiyo damu huingia kwa wingi kwenye vijishipa vyembamba lakini haiondoki kwa wepesi huohuo, majimaji husukumwa nje, na kwa kuwa mtu anashinda amesimama, hukusanyika chini kwenye vifundo ifikapo jioni. Ukishaelewa hilo huna haja ya kukariri neno "uvimbe", na utaelewa pia kwa nini kidonge cha kukojoza hakisaidii sana hapo, kwani maji hayajazidi mwilini bali yamehama mahali pake. Hilo moja huulizwa mara nyingi, na wengi huchagua furosemidi kwa furaha kabisa.

Lakini muuguzi haishii kwenye dawa. Ungemuuliza: umevimba miguu yote miwili, au mmoja? Kama ni mmoja, tena una maumivu na joto, fikiria damu iliyoganda kwenye mshipa. Unalala na mto mmoja, au unahitaji kuinuka usiku kutafuta pumzi? Hapo unauliza habari za moyo. Uso unavimba asubuhi? Hapo ni figo. Kisha ungebonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, uone kama kishimo kinabaki, ungempima presha, na ungemwambia asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, bali aende kliniki akamweleze daktari, ambaye anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa. Jumla yake haifiki dakika tano pale uani.

Sasa nakuomba uyafunge madaftari yote matatu na ununue la nne. Kila ukurasa uwe wa mtu mmoja: umri, kazi, anakotoka, na maneno aliyoyatumia mwenyewe kueleza ugonjwa wake. Chini yake andika kilichoharibika mwilini, dawa aliyoandikiwa inagusa wapi katika uharibifu huo, unapima nini kabla ya kumpa, na unaangalia nini baada ya kumpa. Dawa ileile itatokea katika kurasa za watu tofauti, na hapo ndipo utaanza kuijua.

Nikuonyeshe kwa mvuvi. Ana miaka 35, ametoka visiwani, na analetwa akitapika damu. Amekulia ziwani, na kichocho cha huku ufukweni kwa kawaida ni kile cha tumbo, tofauti na kile cha mkojo kinachopatikana zaidi kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga bara. Minyoo huishi kwenye mishipa ya utumbo na kutaga mayai. Mayai husombwa hadi kwenye ini, na kwa miaka mingi ini hujaa makovu. Damu inayotoka tumboni kwenda kwenye ini hukosa njia, shinikizo hupanda, mishipa ya umio huvimba, na siku moja hupasuka. Damu ilipokoma kutoka na hali yake ikatulia, daktari alimwandikia propranololi, ingawa presha yake mkononi haikuwa imepanda. Kama katika daftari lako umeandika "propranololi: presha", utamwona daktari amekosea. Hajakosea, dawa hiyo hupunguza shinikizo katika mshipa ule unaoingia kwenye ini.

Basi swali likiuliza utafanya nini kwanza mvuvi huyu anapofikishwa akitapika, jibu si propranololi, na wala si prazikwanteli, dawa ya kichocho. Unamlaza ubavu ili damu isiingie kwenye njia ya hewa, unampima mapigo na presha, unamwekea kanula mbili nene za mshipani, unachukua damu ya kupima kundi, na unamwita daktari, yote karibu kwa wakati mmoja. Dawa inayopunguza kasi ya moyo haipewi mtu ambaye moyo wake unakimbia kwa sababu damu imepungua. Baadaye, atakapoianza, utahesabu mapigo kabla ya kila dozi, na utakuwa umeshamuuliza kama ana pumu, kwa maana propranololi hubana njia za hewa. Na kama ni mtu wa sukari anayetumia insulini, utakumbuka kwamba dawa hiyo huficha dalili za sukari kushuka: moyo hauendi mbio, mikono haitetemeki, jasho peke yake ndilo hubaki kukuambia. Umepata presha, ini, pumu na sukari kwenye ukurasa wa mvuvi mmoja. Na prazikwanteli yake, akiwa na kilo 60 kwa miligramu 40 kwa kila kilo, ni miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600, ameze baada ya kula.

Mgonjwa wa pili ninakupa kutoka kwenye aibu yangu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, zamu ya usiku, wodi ya wazazi, tulikuwa na mama mwenye kifafa cha mimba. Alishapata dozi ya kuanzia ya magineziamu salfeti, gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako, na sasa ilikuwa imefika saa ya kumwongezea gramu 5, kama inavyofanyika kila baada ya saa nne. Nilikuwa nimeshavuta dawa kwenye bomba la sindano. Muuguzi mzee niliyekuwa naye zamu hakunyanyua kichwa kutoka kwenye faili, aliniuliza tu, "Goti linasemaje?" Sikuwa nimeligonga. Akauliza, "Na mkojo?" Nikainama kuutazama mfuko chini ya kitanda: mililita 80 kwa saa nne. Tuligonga goti, likajibu kwa uzito. Pumzi zilikuwa 16. Dozi ile hatukuitoa, tukamwita daktari, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima sumu ya magineziamu, ikawekwa kando ya kitanda ikiwa tayari.

Magineziamu hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikizembea, dawa hurundikana, na kabla haijazuia pumzi huwa inaua kwanza mruko wa goti. Ndiyo maana kila dozi ya kuendelea hutanguliwa na mambo matatu: goti linaruka, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, na mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa nne. Mama yule alipona. Mimi sijawahi kusahau namba hizo, na nadhani kwa sababu nilizipata nikiwa na bomba mkononi. Wewe huna wodi kwa sasa, kwa hiyo itakubidi uyaumbe mazingira hayo kwenye karatasi, na ndiyo maana nasisitiza ukurasa wa mtu.

Kuhusu kifua kikuu sitakuchosha, kwa sababu dawa zake nne hujieleza kwa vinywa vya wagonjwa. Anayesema "Sista, mkojo umekuwa wa rangi ya machungwa" ameshika rifampisini, na unamtuliza. Anayesema nyayo zinawaka moto ni isoniazidi, na anahitaji vitamini B6. Maumivu ya viungo ni pirazinamidi. Anayeshindwa kutofautisha nyekundu na kijani ni ethambutoli. Huyo hatulizwi, anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Macho yakiwa ya manjano, dawa tatu za mwanzo zote ni washukiwa, kwa kuwa ini ndilo limeumia. Ongeza kwamba rifampisini huharakisha ini kuvunja dawa nyingine, hivyo mwenye virusi vya Ukimwi anayetumia dolutegraviri hupewa mara mbili kwa siku wakati wa tiba hiyo, na mwanamke anayetegemea vidonge vya uzazi wa mpango aambiwe mapema kwamba havitamlinda vya kutosha.

Ziko hila ndogo ambazo wanafunzi hupenda, nami sizidharau. Majina yanayoishia na "prili", kama kaptoprili na enalaprili, ni ndugu: huleta kikohozi kikavu, hupandisha potasiamu, na hayapewi mjamzito. Yenye "ololi" hupunguza mapigo. Yenye "dipini" hupanua mishipa, ila ukikata mkia mfupi mno ukabaki na "pini" utajikuta umeiweka karbamazepini, dawa ya kifafa, kwenye kabati la presha. Na yapo majina yanayofanana kwa hatari, kama haidralazini ya presha na haidroksizini ya mzio, ambayo ukiyasoma kwa haraka usiku wa manane utamdhuru mtu. Mkia wa jina hukufikisha mlangoni tu.

Kundi moja zaidi ulipe jioni nzima: furosemidi, digoksini (dawa ya moyo) na potasiamu, katika mzee mmoja mwenye moyo dhaifu. Furosemidi humkojoza na kumpotezea potasiamu. Potasiamu ikishuka, digoksini ileile aliyoizoea hugeuka sumu. Naye anaanza kukataa chakula, kutapika, na kulalamika kwamba vitu anaviona vya manjano. Mapigo huhesabiwa dakika nzima kabla ya digoksini, na yakiwa chini ya 60 kwa mtu mzima dawa husubiri. Na potasiamu ya mshipani haisukumwi kwa sindano hata siku moja, huchanganywa kwenye dripu na kwenda polepole, kwani ikisukumwa husimamisha moyo.

Sasa hesabu. Binti yangu, wewe unauza dagaa. Mteja akikuambia umpimie kilo tatu na nusu, hutafuti kalamu. Unajua bei ya kilo, unazidisha, unampa chenji yake. Dozi ni hivyohivyo, na kinachokutetemesha ni kwamba hatua mbili umezisoma kama moja. Mtoto wa kilo 14 ameletwa na degedege, ana malaria kali, ameandikiwa artesuneti ya mshipani. Walio chini ya kilo 20 hupata miligramu 3 kwa kilo: 14 mara 3 ni miligramu 42. Hapo umemaliza kumpimia mteja. Hatua ya pili ni chombo: kichupa cha miligramu 60 kikichanganywa kwa ajili ya mshipa hutoa miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo 42 gawanya kwa 10 ni mililita 4.2. Dozi hurudiwa baada ya saa 12 na saa 24, na akiweza kumeza humalizia kwa dawa mseto ya siku tatu, ambayo hufyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta au maziwa. Kabla ya hayo yote, mtoto wa degedege apimwe sukari, maana malaria kali huishusha, na kuna watahini wanaolificha swali zima hapo. Kila siku fanya hesabu tano tu, kwa uzito wa watoto wa mtaani kwenu unaowafahamu, na kila jibu ulitazame kwa jicho la muuzaji: likikuambia mtoto achomwe mililita 42, unajua mizani imeharibika.

Dozi zote hizi, zangu na za madaftari yako, zilinganishe na mwongozo wa taifa wa tiba na orodha ya dawa muhimu. Usizilinganishe na vivuli vya kurasa mnavyorushiana kwenye simu. Nimeona kimoja ambacho nukta ya desimali ilipotea kwenye mashine, na darasa zima likakariri dozi iliyozidi mara kumi.

Limebaki la shangazi. Ananena kwa upendo, lakini sikubaliani naye. Hivyo ndivyo ulivyosoma mara ya kwanza, usiku na mchana peke yako na madaftari, na umeona matokeo. Nenda sokoni asubuhi, rudi mchana, lala saa moja, kisha usome saa tatu zenye utulivu: wagonjwa wawili kwa siku katika wiki nne za kwanza, na wiki mbili za mwisho kwa maswali ya mitihani iliyopita, ukiandika kando ya kila jibu ulilolikataa ni mgonjwa wa namna gani ambaye jibu hilo lingemfaa.

Lipo jambo moja ambalo hukulitaja, lakini nalisoma katikati ya mistari yako. Mtihani ni wa Kiingereza, na madaftari yako bila shaka ni ya Kiingereza, ndiyo maana yule mama alipokuuliza kwa Kiswahili ulikuta kabati limefungwa. Kila jioni, mnapochambua dagaa wa kesho, mweleze mama yako mgonjwa mmoja wa siku hiyo kwa Kiswahili chako cha kila siku, mwanzo hadi mwisho, kisha ndipo uandike maelezo hayohayo kwa Kiingereza. Mama hajasoma uuguzi, na ndiyo sababu anafaa. Akikuuliza "kwa nini mnamgonga goti mtu mwenye mimba?" na ukajikuta unazungukazunguka, rudi kwenye kitabu usiku huohuo, ukimjibu naye akatikisa kichwa kukubali huku anaendelea kuchambua, zima taa ukalale.